Barua ya Iride wa Montegiardino

Nyumba ya Iride Zavoli ilikuwa Italia, ila dirisha lake la jikoni lilikuwa San Marino. Ndivyo alivyopenda kusema Nello, mumewe, kila alipomkuta amesimama pale mikono imejaa unga, macho yametua ng'ambo ya bonde, kwenye Mlima Titano na minara mitatu ya jamhuri yetu ndogo.

"Mke wangu," alikuwa akisema, "uliolewa na mimi au na mlima?"

"Wewe. Mlima ulikuwa umeshachukuliwa."

Nello alikuwa fundi wa matrekta, mzaliwa wa Montescudo, mtu wa kitambi na masihara, asiyejua kununa. Alipompata Iride kwenye dansi ya mavuno hakufikiri kwamba amempata mtu wa nchi nyingine. Nchi gani nyingine? Kati ya kilima chake na kijiji alikozaliwa Iride palikuwa na kijito cha Marano, ambacho wakati wa kiangazi mtu hukivuka viatu mkononi, suruali haijalowa goti. Hapakuwa na ukuta, wala waya, wala askari wa kukuuliza unakwenda wapi. Asubuhi kengele ya Montegiardino ilisikika Montescudo, na mbwa wa huku waliwabwekea mbwa wa kule.

Walioana mwaka wa sitini, Jumamosi ya Septemba. Wiki haijaisha, karani mmoja juu mlimani alifungua daftari la raia akapiga mstari juu ya jina la Iride. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemuuliza. Sheria ya siku hizo ilikuwa hivyo: mwanamke wetu akiolewa na mgeni, basi naye ni mgeni. Mwanamume wetu akioa mgeni, mkewe anaingizwa daftarini na siku ya uchaguzi anapiga kura. Nchi ambayo neno Uhuru limechorwa hata kwenye stempu zake za barua, nchi inayojisifu kwamba haijawahi kupigia mfalme goti, ilimfuta binti yake kwa kosa la kupenda mtu wa ng'ambo ya kijito.

Iride alilia siku mbili. Siku ya tatu akaukanda unga wa piada, ule mkate wetu wa kuoka juu ya bamba la chuma, akaendelea na maisha. Lakini kuendelea si kusahau. Huku Montescudo, akisema "kwetu tunafanya hivi," majirani walimcheka: "Jirani, kwenu wapi tena? Miaka ishirini unakunywa maji ya hapa!" Akivuka kwenda sokoni Borgo, chini ya mlima, muuza jibini alimwambia mwenzake: "Mhudumie yule mama Mwitaliano." Alikuwa amekaa katikati ya viti viwili, na vyote vilikuwa vya watu.

Alikuwa na desturi yake moja ambayo Nello peke yake aliijua. Nchi yetu haina rais. Ina Makapteni wawili, wanaotawala pamoja miezi sita tu, kisha wanashuka na kurudi makazini kwao: mwalimu darasani, daktari zahanatini, mkulima shambani. Wawili ili mmoja asijione mfalme, miezi sita ili wote wawili wasijione. Kila tarehe mosi ya Aprili na mosi ya Oktoba wapya huapishwa, na kila mara Iride aliyashika majina yao. Alipokanda unga aliyataja yote kwa mpangilio, wawili wawili, tangu wale walioapishwa Oktoba ile ya mwezi mmoja baada ya harusi yake. Yalikuwa yamekaribia tisini. Hakuwahi kumpigia kura mtu hata mmoja maishani mwake. Alipoondoka, wanawake wa kwetu walikuwa bado hawajapiga kura hata mara moja, na walipoipiga ya kwanza yeye alikuwa ameshafutwa. Lakini majina aliyajua kuliko wapiga kura wenyewe.

Ndipo ikaja kura ya maoni, kiangazi cha mwaka wa themanini na mbili. Wananchi waliulizwa: tuifute sheria hii au ibaki? Iride hakulala vizuri wiki nzima. Jumapili ya kura alikaa dirishani tangu asubuhi kana kwamba ataona karatasi zikiingia sandukuni. Jumatatu redio ikatangaza. Wengi walitaka ibaki.

Lililomchoma zaidi alilisikia siku tatu baadaye, kutoka kwa mwenye duka wa kijiji cha Faetano asiyejua kufunga mdomo. Kaka yake Iride, Secondo Zavoli, mchonga mawe, alikuwa amesimama baa mbele ya watu na kusema bila kuulizwa: "Mimi nimepiga ibaki. Sisi ni watu elfu ishirini na kitu juu ya jiwe. Kila binti akituletea mume na watoto wa nje, baada ya miaka hamsini tutakuwa mtaa tu wa Rimini, mji wa Waitalia."

Secondo. Yule aliyembeba mgongoni kwenda shule theluji ilipojaa. Yule ambaye mkewe, Fosca, alizaliwa Verucchio, Italia, na sasa alikuwa raia kamili mwenye kitambulisho.

Tangu siku hiyo Iride hakukanyaga tena nyumba ya kaka yake. Akaketi mezani akaandika barua.

Tuna haki moja ya zamani ambayo hatukuiacha hata tulipojifunza mambo mengine ya kisasa. Jumapili ya kwanza baada ya Makapteni kuapishwa, raia yeyote hupanda Ikulu ya Jamhuri na kuwakabidhi mkononi ombi lake, liwe la daraja, la shule, au la sheria nzima. Zamani walikutana wakuu wa nyumba zote. Siku hizi kila mtu huja na karatasi yake. Ombi likipokewa, Baraza, yaani bunge letu, halina budi kulijibu. Iride aliijua siku hiyo kama wengine wanavyoijua Pasaka. Alimwona baba yake akiiendea, kofia mkononi, kuomba barabara ya Montegiardino itengenezwe.

Akaandika kwa mwandiko wa shule: *Mimi, Iride Zavoli, raia, mzaliwa wa Montegiardino, ninaomba kwamba mabinti wa nchi hii walioolewa nje warudishiwe uraia wao, waishi na kuzeeka wakiitwa wa kwao.*

Hakuona kosa lolote. Alisoma mara kumi, akabadilisha nukta moja, hakuona.

Jumapili ile ya Oktoba Nello alimpandisha kwa pikipiki hadi chini ya lango la mji, akagoma kuendelea.

"Mimi nabaki hapa," alisema, akivua miwani ya upepo. "Nikiingia na wewe, wataniona mimi ndiye ushahidi wa kosa."

"Nello, usinichekeshe."

"Basi nenda, mama. Ukirudi raia usinisahau."

Mawingu yalikuwa yamekaa chini, bonde lote jeupe, mji ukielea juu yake. Mbele ya Ikulu watu kama thelathini walisimama mstari kwenye mawe ya uwanja, kila mmoja na karatasi yake, wakipiga soga. Iride alijipanga nyuma ya bwana mmoja mwenye ombi la taa za barabarani. Alijisikia kama amerudi darasani kwake na kiti chake bado kipo.

Ndipo alipoiona kofia ya Secondo, watu sita mbele yake. Pembeni yake Fosca, na mkoba wake mkubwa.

Hakushangaa. Secondo alikuja kila baada ya miezi sita na ombi lilelile, la ukuta wa mawe uliobomoka juu ya bwawa la kufulia la Montegiardino. Makapteni kumi na wanane walikuwa wameusoma ukuta wa Secondo. Wengine walimsalimu kwa ukuta: "Hujambo Secondo, ukuta haujambo?"

Fosca aligeuka, akamwona, akamgusa mumewe kiwiko. Secondo akatazama mara moja, kisha akatazama mbele kama askari.

Mlangoni, mezani, alikaa karani Delio, mzee mwenye masharubu meupe aliyesoma na Iride darasa moja. Kazi yake ilikuwa kuangalia vitambulisho na kuandika majina kabla watu hawajapanda ngazi. Zamu ya Secondo ilipofika kulikuwa na ubishi mdogo kuhusu sahihi, akaambiwa akae kando kidogo. Kwa hiyo alikuwa bado pale pembeni Iride alipofika mezani.

"Iride!" Delio alinyanyuka nusu. "Binti wa Zavoli. Umeleta nini?"

"Ombi, Delio. Kama watu wengine."

Delio alisoma. Alisoma tena. Masharubu yakashuka.

"Iride, unaniletea balaa Jumapili ya Mungu. Nipe kitambulisho."

Akampa. Kilikuwa cha Italia. Ni hapo tu, mkono wake ukiwa bado hewani, ndipo Iride alipoliona kosa lake. Ameandika *raia*. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe, mara kumi amelisoma, na hakuliona, kwa sababu ndani yake halikuwa kosa.

"Siwezi kulipitisha," Delio alisema kwa sauti ya chini. "Si kwamba sitaki. Ombi huletwa na raia. Na hapa juu umeandika jambo ambalo daftari linasema si kweli."

"Daftari ndilo linalosema uongo, Delio."

"Huenda. Lakini mimi nimeajiriwa na daftari." Alikohoa. "Sikiliza. Raia yeyote anaweza kuliandika kwa jina lake, akaniletea. Karatasi hii hapa, safi. Lakini mlango unafungwa saa sita mchana, na sasa ni saa tano na nusu."

Raia yeyote. Watu walikuwa wamesikia. Mwenye taa za barabarani aligundua ghafla kwamba kiatu chake kina kamba ndefu. Mwingine akaanza kuhesabu mawingu. Si watu wabaya. Ni watu wetu. Kila mmoja anajua nani alipiga kura gani, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Nchi ndogo ina adabu zake, na nyingine ni woga uliovaa koti la Jumapili.

Iride aliichukua karatasi safi, akamwendea kaka yake.

"Secondo."

"Nimesikia," Secondo alisema. "Watu walishapiga kura. Kitu kimeamuliwa, kimeamuliwa."

"Ukuta wako umekataliwa mara ngapi?"

"Ukuta ni ukuta!"

"Haya. Na mimi ni nini?"

Secondo alivua kofia, akaivaa. Alikuwa na mikono mikubwa, vumbi la mawe limeingia kwenye mistari ya viganja lisitoke tena. "Ulijua sheria kabla hujamfuata yule fundi. Mama alikwambia. Mimi nilikwambia. Mkataa kwao mtumwa, Iride."

"Sikukataa kwetu, kaka. Kwetu ndiko kulikonikataa. Mimi nimekaa ng'ambo ya kijito, nakutazameni kila siku. Ukiwasha moshi naujua ni moshi wa nyumba yetu. Kuna mtu hapa anayeitazama nchi hii kila siku kama mimi? Wewe unaitazama? Wewe unazitazama kuta zake tu."

Mtu mmoja kwenye mstari alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Usinifanyie vituko mbele za watu."

"Miaka ishirini na miwili sijakufanyia kituko chochote. Nimenyamaza kama jiwe lako."

Fosca alifungua mkoba wake akatoa kalamu.

"Lete hapa hiyo karatasi, wifi," alisema. "Nitaandika mimi. Mimi raia, si ndiyo, Delio?"

"Raia kamili, mama," alisema Delio.

"Kamili! Mimi, mtoto wa Verucchio, nisiyeweza kuwataja Makapteni hata wa mwaka jana. Nilimpenda huyu mkaidi, nikaandikwa. Dada yake alipenda, akafutwa. Secondo, tangu kiangazi nalala na wewe na swali hilo katikati yetu, na lina ubavu mkali. Lete."

Akanyoosha mkono. Iride alitaka kumpa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuachia. Njia ilikuwa pale, wazi, na dakika zilikuwa zikipita. Kisha akaivuta karatasi kifuani.

"Asante, wifi. Mungu akulipe. Lakini hapana."

"Hapana nini tena?"

"Nikisemewa na wewe, watasema wageni wanaombeana. Na si hilo tu. Nilizaliwa nyumba ile. Siwezi kuombewa niingie kwetu na mtu niliyemkaribisha mimi mlangoni, nikamwonyesha ndoo iko wapi. Aandike wa kwetu, au nirudi kwangu na karatasi tupu."

Fosca hakukasirika. Alimgeukia mumewe na kumwekea kalamu kwenye mfuko wa koti, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Haya, wa kwao," akasema. "Saa sita kasoro dakika ishirini."

Mstari ulikuwa umeisha. Wote waliobaki walikuwa wanangoja kuona. Secondo aliitazama ngazi. Akamtazama Delio. Mwisho akaitwaa karatasi, akaiweka ukingoni mwa meza, akainama juu yake kama anavyoinama juu ya jiwe la kaburi. Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka arobaini: kuchonga majina ya watu. Herufi moja ikikosewa, jiwe zima limeharibika. Kwa hiyo hakuwahi kuandika neno kabla hajaliamini.

Akaandika *Mimi, Secondo Zavoli, raia*. Herufi kubwa, za pembe kali. Akasimama.

"Hapa naandika nani?"

"Andika anayeombewa," Delio alisema. "Mgeni Iride Zavoli, mzaliwa wa Montegiardino. Kisheria ndivyo anavyoitwa."

Secondo aliteremsha kalamu. Ikagusa karatasi, ikaacha nukta ndogo ya wino, ikainuka. Akaishusha tena. Shingo yake ilikuwa imepiga wekundu.

"Nini?" Fosca aliuliza.

"Neno haliandikiki."

"Ni neno la sheria, Secondo," alisema Delio.

"Nimelisema baa. Nimelipigia kura. Sikuwahi kuambiwa nitaliandika." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Hili siandiki. Nikiandika dada yangu, utalikataa?"

Delio aliangalia mlango, akaangalia saa, akaangalia masharubu yake mwenyewe kwenye kioo cha kabati.

"Kama ni dada yako," alisema, "nitalikataaje?"

Basi akaandika. Neno kwa neno alinakili barua ya Iride, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto, na Iride alisimama nyuma ya bega lake akisoma kila herufi ikizaliwa. Hakumharakisha. Alikuwa amesubiri miaka ishirini na miwili. Dakika saba hizi alitaka ziwe ndefu. Ilipofika *waishi na kuzeeka wakiitwa wa kwao*, Secondo alinung'unika, "Umeandika vizuri, we mtoto," akatia sahihi.

Akapanda ngazi saa sita kasoro tatu, karatasi mbili mkononi, ya ukuta na ya dada.

Iride hakupanda. Walioruhusiwa ni wenye maombi. Alisimama nje penye mawe ya uwanja, karibu na mlinzi mwenye koti la kijani, na Fosca akamshika mkono. Mawingu bondeni yalianza kupasuka, Montescudo ikaonekana mbali chini, paa jekundu hapa na pale. Kwa mara ya kwanza alikuwa akiitazama nyumba yake kutoka juu ya mlima wa kwao, na moyo wake, badala ya kutulia, ukaanza kuvutwa kule. Alistaajabu. Alidhani hamu ina upande mmoja.

Kengele ililia. Watu walitoka wawili watatu, wa mwisho akiwa Secondo.

"Wamepokea?" Iride aliuliza.

"Wamepokea."

"Wamesema nini?"

"Wale hawasemi, wanapokea. Litakwenda Barazani. Wakilijibu, hawa watakuwa wameshashuka, kutakuwa na wengine." Alitazama vidole vyake, kidole cha shahada kina wino. "Mmoja aliuliza dada mwenyewe anaishi wapi."

"Ukamwambia Italia."

"Nikamwambia yuko nje mlangoni."

Fosca aliachia mkono wa Iride, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Iride," Secondo alisema. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayesukuma jiwe lisilo lake. "Ile kura. Siku ile nilipofika kwenye sanduku nilikuwa nawawaza watu. Wageni, magari, nyumba zikijaa mpaka bondeni. Niliwawaza wote. Wewe sikukuwaza hata kidogo."

Iride alingoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Hakuwa ameomba radhi, wala hakusema angepiga kura tofauti, na sheria ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi.

"Najua, kaka," alisema. "Ndiyo maana nimekuja unione."

Secondo alitikisa kichwa mara mbili. Kisha akamwambia twende tukale, kuna sungura wa kuoka na shamari nyumbani, na huyo fundi wako, ambaye lazima amejificha langoni, mwite naye, asigandie pale kama mwizi wa kuku. Iride alijibu kwamba atamwita. Lakini aliomba asubiriwe kidogo, kwani miguu ilikuwa imekataa kuondoka uwanjani. Secondo hakumharakisha. Alisimama kando yake, kofia mkononi, mpaka miguu ikakubali.